Programu ya Kufuatilia Waliotangamana na Mgonjwa Si Lazima Ijue Ulipo
Husikika mara nyingi hapa Dar es Salaam kwamba programu ya simu inayofuatilia waliotangamana na mgonjwa lazima ijue kila ulipopita, kuanzia Mbagala hadi Kariakoo. Sivyo. Mfumo wa Apple na Google wa mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, ulitumia Bluetooth: simu za watu waliokaribiana, kama abiria wanavyobanana kwenye daladala, zilipeana namba za nasibu zilizobadilika kila baada ya dakika chache, bila kurekodi mahali. Swali zito zaidi, kwa maoni yangu, ni nani atakayezishika taarifa na kwa kazi gani. Singapore, yenye mfumo wake wa TraceTogether, iliwahakikishia wananchi kuwa taarifa ni za kudhibiti ugonjwa tu. Januari 2021 serikali ikakiri kwamba polisi wangeweza kuzitumia katika upelelezi wa jinai.