Kupamba chumba cha bweni bila kugongana na kanuni

Chumba cha bweni siku ya kwanza kina kitanda, godoro tupu, meza, kabati na kuta zisizo na kitu. Mwanafunzi akishusha begi lake, jambo la kwanza analolitaka ni kukifanya kiwe chake, na ana haki. Humo ndimo atakamolala, atakamosoma na kuugulia mwaka mzima. Sisi wasimamizi wa malazi tunafurahi tukikuta chumba kina sura ya mwenyewe. Tunachoomba ni kwamba atakayekuja baada yako akikute salama kama ulivyokikuta wewe.

Kabla hujabandika hata picha moja, shika fomu ya kukabidhiwa chumba. Wengi huisaini kwa haraka, ndugu waliowasindikiza wakiwa bado wamesimama mlangoni. Tafadhali usifanye hivyo. Vuta kila droo, fungua na ufunge dirisha, geuza godoro uone upande wa pili, washa kila taa. Kila mchubuko uuandike, upige picha, kisha picha hizo uzitume kwa msimamizi siku hiyo hiyo kwa barua pepe, kwa sababu barua pepe hubeba tarehe yake. Kasoro ambayo haikuandikwa mwanzoni huhesabiwa kuwa yako siku ya kuondoka, na amana yako ndiyo inayokatwa. Inaniuma kumwona kijana akilipia mlango uliovunjwa na mwingine.

Kuhusu kuta, misumari hukatazwa kwa sababu mbili. Plasta humeguka, na nyuma yake hupita waya za umeme ambazo hujui zimeelekea wapi. Selotepu nayo ina hasara yake: gundi ikikauka huondoka na rangi. Kinachofaa, pale kanuni zinaporuhusu, ni ndoano na vipande vya gundi vilivyotengenezwa kubanduka. Ukuta uwe safi na mkavu, bonyeza kwa nusu dakika, usizidishe uzito ulioandikwa kwenye pakiti. Kama rangi ya ukuta ni mpya, ipe angalau wiki moja ikomae. Siku ya kubandua, shika ncha na uivute polepole kuelekea chini, sambamba na ukuta. Ukiivuta kuja kwako, rangi itaifuata. Hata hivyo, chumba hubadilika zaidi kwa vitu visivyogusa ukuta kabisa: shuka lenye rangi uipendayo, zulia dogo, taa ya mezani yenye mwanga wa joto, mmea mmoja dirishani.

Sasa umeme, na hapa naomba usome taratibu. Kwenye umeme wa volti 230, ekstensheni iliyoandikwa ampea 10 inabeba wati 2,300 kwa ukomo. Birika la umeme peke yake mara nyingi hula karibu wati 2,000. Ukiongeza pasi ya wati 1,000 kwenye ekstensheni hiyo hiyo, umeshavuka. Fyuzi isipokatika, waya huanza kupata moto ndani ya ganda lake bila wewe kuona, na waya uliopitishwa chini ya zulia au nyuma ya godoro hauna pa kupozea joto hilo. Ndiyo maana mabweni mengi hukataza vifaa vya kupashia joto vyumbani na kuvitengea jiko la pamoja. Usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni. Friji ndogo, kama inaruhusiwa, ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Soketi ikiwa ya moto ukiigusa, au ikinuka kama plastiki inayoungua, acha kuitumia na utoe taarifa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Taa ndogo za mapambo ziwe za LED, kwa kuwa hazichemki kama balbu za zamani, na uzizime ukitoka au ukilala. Mishumaa iache kabisa. Chumba chenye pazia, vitabu na godoro si mahali pa moto wa wazi.

Kitambua moshi hakifunikwi kwa sababu yoyote ile, hata kikikusumbua kwa kulia ovyo. Kikilia ovyo, kina hitilafu, na fundi anatakiwa akione. Kama dari ina vinyunyizio vya maji ya kuzimia moto, usitundike kitu juu yake, wala usipange maboksi karibu navyo. Kanuni nyingi hutaka nafasi ya takribani sentimita 45 chini yake ili maji yasambae.

Adui mwingine ni unyevu, na huyu huja kimyakimya. Nguo mbichi zikianikwa chumbani madirisha yakiwa yamefungwa, maji yanayotoka huishia kwenye kuta na nyuma ya kabati, na kuvu huanzia hapo. Sogeza kabati kidogo kutoka ukutani, fungua dirisha kila siku, na maji yakimwagika yakaushe siku hiyo hiyo. Ukiona doa jeusi linarudi kila unapolifuta, maji yanavuja mahali fulani. Toa taarifa badala ya kulifunika kwa picha. Wakati wa kusafisha bafu, usichanganye dawa ya klorini na siki wala dawa nyingine ya choo yenye asidi, maana hutoa gesi yenye sumu.

Uangalifu wa mwisho ni kwa fanicha ya mitumba. Kiti cha bei nafuu kinaweza kukuletea kunguni, na kunguni hupita hadi vyumba vya jirani. Kagua mishono na matundu ya mbao kwa tochi kabla hujakiingiza. Ukiamka na alama za kuumwa zilizojipanga mstari, usione aibu wala usipulizie chumba dawa kivyako, kwa sababu huwatawanya kunguni tu. Mwambie msimamizi mapema, fua matandiko kwa maji ya nyuzi 60, na usihamie kulala kwa rafiki mpaka chumba kimetibiwa.

Wiki moja kabla ya kukabidhi funguo, toa zile picha za siku ya kwanza na uzunguke nazo chumbani. Kinachohitaji fundi bado kina muda wa kutengenezwa.