Simu haijakuharibu ubongo, imekukatiza wazo

Mara nyingi nasikia watu wakisema kwamba simu janja inaozesha ubongo. Hofu hiyo ni kubwa mno, na kwa ukubwa wake inatufumba macho tusione madhara yaliyo karibu zaidi, yale madogo ya papo hapo yanayojirudia siku nzima. Yananiuma kwa sababu yanazuilika, tena bila gharama. Hizi ndizo dhana ninazokutana nazo zaidi.

"Siku hizi binadamu anaweza kutulia sekunde 8 tu, hata samaki wa dhahabu anamshinda"

Si kweli. Takwimu hii ilisambaa kupitia ripoti ya Microsoft ya Kanada ya mwaka 2015, nayo iliitoa kwenye tovuti nyingine. Walioifuatilia hawakupata utafiti wowote ulioizaa. Umakini hauna urefu mmoja: anayeshindwa kumaliza ukurasa wa kitabu ndiye huyo huyo anayetazama mpira dakika 90 bila kuondoa macho.

Kinachopimika ni tabia. Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, amepima kwa miaka mingi muda ambao watu hukaa kwenye skrini moja kabla ya kuhamia nyingine. Mwaka 2004 ulikuwa kama dakika mbili na nusu. Katika miaka ya karibuni ni sekunde 47 hivi. Kuhamahama kumeongezeka, naam, lakini hilo halimaanishi kwamba uwezo wa kutulia umekufa.

"Nisipoishika, hainisumbui"

Hii ndiyo ningependa kila mtu aiache. Mwangalie mtu anayesoma, simu yake imelala kifudifudi mezani. Inatetemeka mara moja. Anaiacha, hata mkono haunyooshi. Macho yanaendelea na mistari, yanamaliza aya, yanaingia nyingine, ndipo anashtuka kwamba hajui amesoma nini. Anarudi juu ya ukurasa. Aliyeketi pembeni atasema hakuna kilichotokea, kumbe akilini maswali yalishaanza: Ni nani? Ni yule niliyekuwa namsubiri? Mbona asubuhi hakujibu?

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida walilipima jambo hili. Washiriki wakiwa katikati ya zoezi la umakini, simu zao zilipigwa au kuingia ujumbe, nao hawakuzigusa. Makosa yaliongezeka, kwa kiwango kinachokaribiana na cha watu wanaoitumia simu kwelikweli. Mtetemo wenyewe ni wa sekunde moja, ila wazo linaloamshwa linakaa zaidi.

Vipi ikiwa simu iko kimya kabisa? Hapa sitaki kutia chumvi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, waliwajaribu watu karibu 800, na walioacha simu chumba kingine walifanya vizuri kuliko walioiweka mezani ikiwa kimya. Jaribio hilo lilipata umaarufu mkubwa, lakini yaliyofuata yametoa majibu yanayopingana, mengine hayakuona tofauti yoyote. Anayedai kwamba kuiona tu simu kunakupunguzia akili ameutangulia ushahidi. Mlio na mtetemo ndivyo vya kuviogopa kwanza.

"Mimi naweza kufanya mawili kwa pamoja"

Mshika mawili moja humponyoka. Kazi mbili zinazohitaji fikra hazifanyiki sambamba. Akili huruka kutoka hii kwenda ile, na kila mruko una gharama yake ya muda na makosa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikuta kwamba waliozoea kutumia vyombo vingi kwa wakati mmoja ndio waliolemewa zaidi na mambo yasiyohusika.

Barabarani gharama hiyo ni uhai. Gari la mwendo wa kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Ukiinamia ujumbe kwa sekunde mbili, umeshapita mita 44 bila kuiona njia. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali mara 4 hivi zaidi ya asiyeitumia, na kwamba kuongea bila kuishika simu hakuleti usalama mkubwa zaidi. Mikono iko huru, mawazo yako kwenye mazungumzo. Tafadhali, subiri ufike.

"Ni mwanga wa buluu unaotunyima usingizi"

Mwanga una mchango, ila mdogo kuliko unavyosemwa. Katika jaribio moja la mwaka 2015, waliosoma kwenye kishikwambi kwa muda wa saa nne kabla ya kulala walichelewa kusinzia kwa takriban dakika 10 ukilinganisha na waliosoma kitabu cha karatasi. Kinachokula usiku ni kile unachokitazama: mabishano, habari za kutisha, video inayofuatwa na nyingine. Kubadili rangi ya skrini hakutakusaidia kuiweka simu chini.

"Umakini ukishapotea haurudi"

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2025, watu walifungiwa intaneti kwenye simu zao kwa wiki mbili, wakabakiwa na kupiga simu na ujumbe mfupi. Wengi hawakuweza kuvumilia muda wote. Hata hivyo vipimo vya umakini vilipanda, na hali ya moyo ikawa bora.

Wala huhitaji kuzima kila kitu. Katika jaribio la mwaka 2019, waliopokea arifa kwa mafungu, mara tatu kwa siku, walitulia zaidi, ilhali waliozimiwa arifa zote walizidi kuwa na wasiwasi kwamba kuna jambo linawapita. Anza kwa kunyamazisha yale makundi ya kuchati ambayo ujumbe wake wote unaweza kungoja hadi jioni, na simu za familia ziache zilie.