Msomi mfeministi ana kazi gani Mtwara? Dhana potofu na ukweli

Binti wa Newala akisema anataka kubobea katika sosholojia na siasa, tena kwa jicho la wanawake, yaani awe msomi mfeministi, nyumbani huulizwa maswali mengi. Mengine yamesimama juu ya dhana zisizo sahihi.

Dhana: Kusini mtoto ni wa ukoo wa mama, wanawake wanajitawala tayari.

Ni kweli Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa desturi ya zamani mume ndiye aliyehamia kwa wakwe. Lakini kwenye posa, urithi na ugomvi wa ndoa, mwenye neno mara nyingi alikuwa mjomba. Kazi ya msomi huyu inaanzia hapo: ukoo unapitia kwa nani, na nani anaamua? Kisha ikaja mikorosho, mti unaodumu miongo kadhaa, na shamba likawa mali ya kugombewa. Leo korosho huuzwa kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kwa stakabadhi ghalani, ambapo mazao hukusanywa ghalani kabla ya kuuzwa, na fedha huingia kwenye akaunti ya mkulima aliyesajiliwa. Aliyepalilia na kuokota ni nani, na akaunti ina jina la nani? Kwangu mimi, msimu wa mauzo hauna swali zito kuliko hilo.

Dhana: Ufeministi ni mambo ya kuletwa na Wazungu.

Bibi Titi Mohamed alianza kuwakusanya wanawake ndani ya TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, mwaka 1955, bila shahada yoyote. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Ruth Meena amefundisha sayansi ya siasa kwa miaka mingi. Marjorie Mbilinyi alizaliwa Marekani, kweli, ila utafiti wake ameufanyia Tanzania, na ni miongoni mwa waanzilishi wa TGNP, mtandao wa kutetea usawa wa kijinsia, mwaka 1993.

Dhana: Anawachukia wanaume.

Hapana. Anawahoji wao pia, maana kaya haieleweki kwa kumsikiliza mtu mmoja.

Dhana: Wanawake wamo kwenye vikao siku hizi, hakuna cha kutafiti.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe 7, na kati yao wanawake 3. Hatua kubwa hiyo, na ilipiganiwa. Msomi huyu huenda kikaoni na daftari, akaandika nani amezungumza, nani amekatizwa, na hoja ya nani imeingia kwenye muhtasari.