Peri-implantaitisi ni kitu gani?

Jino la kupandikiza halitoboki, hilo ni kweli kabisa, maana ni skrubu ya titani imezamishwa kwenye mfupa wa taya halafu juu yake likafungwa jino lenyewe unaloliona, sasa mdudu gani atatoboa chuma? Ndo maana mtu akishamaliza kulipia hela zote zile anaona kazi imeisha. Haijaisha. Chuma hakiozi ila nyama na mfupa uliokishika unaweza kuoza, na huo ugonjwa ndo unaitwa peri-implantaitisi, yaani uvimbe wa kuzunguka implanti (hiyo skrubu ya jino la kupandikiza) unaokula mfupa.

Sio kwamba implanti hazidumu jamani. Mwaka 1952 huko Uswidi mtafiti Per-Ingvar Brånemark alikuwa anachunguza damu inavyopita kwenye mfupa wa sungura, kafunga kifaa cha titani, alipotaka kukitoa hakitoki, mfupa umeking'ang'ania. 1965 akampandikizia mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, na yule mzee alikaa nazo mpaka anafariki 2006. Zaidi ya miaka 40!

Shida iko kwenye ufizi. Jino la kuzaliwa nalo, nyuzi za ufizi zimejichomeka ndani ya mzizi kabisa kama msumari kwenye mbao, lakini kwenye implanti zile nyuzi zinalala pembeni tu, zimeikumbatia, hazijaishika, na damu inayofika pale ni kidogo. Kwa hiyo ukoga ukijaa pale implanti inapotokea kwenye ufizi, bakteria wana njia nyepesi ya kushuka chini.

Inaanza hivi. Unapiga mswaki, unatema, unaona kamstari kekundu kwenye sinki, ufizi umevimba kidogo, hauumi. Hapo bado ni mukosaitisi, imeshika nyama tu, ukisafishwa vizuri inarudi nyuma. Ukiendelea kutema tu ukasema si haiumi, inashuka mfupani, na mfupa ukishaliwa haurudi wenyewe. Hiyo "haiumi" ndo inaponza watu wengi, kwa sababu kawaida haiumi kweli mpaka siku skrubu inacheza.

Daktari anajuaje? Anachomeka kijiti chembamba chenye alama za milimita kati ya ufizi na implanti, anaangalia damu au usaha, halafu analinganisha eksirei ya leo na ile ya mwanzoni. Kama ya mwanzoni haipo, vigezo vya kimataifa vya madaktari wa meno vya 2017 vinasema shimo la milimita 6 au zaidi, linatoa damu, na mfupa umeshuka milimita 3 au zaidi, basi ndo yenyewe. Matibabu ni kusafisha kwa kina, mara nyingi kufungua ufizi kwa upasuaji, na ikishindikana inatolewa.

Walio hatarini zaidi ni wale ambao meno yao ya asili yaling'oka kwa ugonjwa wa fizi, maana mdomo ni uleule, halafu wasiorudi kusafishwa. Na kuna hii wengi hawaijui, saruji ya kubandikia jino ikivuja ikabaki chini ya ufizi nayo inaanzisha uvimbe.

Kama umeshawekewa, nenda kaombe nakala ya ile eksirei ya siku za kwanza ukae nayo mwenyewe, hata kama ni picha kwenye simu, ili hata ukihama mji daktari mpya awe na cha kulinganishia.