Siluweti si picha iliyokosa mwanga

Siku hizi kila picha yenye uso uliozama gizani inaitwa siluweti. Picha ya mahafali, nyuma madirisha yanawaka, mhitimu haonekani macho wala pua: siluweti. Ukimuuliza mpiga picha, anakutazama kana kwamba wewe ndiye usiyejua sanaa.

Siluweti ni picha ambamo mhusika anabaki umbo tupu jeusi mbele ya mwanga, na umbo hilo peke yake linatosha kumtambulisha. Maana yenyewe ni hiyo tu, na nusu ya pili ndiyo inayosahaulika.

Jina limetoka kwa Étienne de Silhouette, aliyekuwa waziri wa fedha wa Ufaransa kwa miezi michache tu mwaka 1759. Alibana matumizi na kutaka matajiri walipe kodi, wakamchoka haraka, na jina lake likageuka kejeli ya kila kitu cha bei rahisi. Wakati huo asiyemudu kuchorwa kwa rangi alikatiwa sura yake kwenye karatasi nyeusi, na picha hizo ndizo zilizobaki na jina la waziri. Sasa angalia zile karatasi: karibu zote zinamwonyesha mtu kwa upande. Mkataji alijua kwamba ukimkata mtu akiwa amekukabili, pua na midomo hupotea, unabaki na duara lenye masikio. Kwa hiyo hata ile ya bei rahisi ilihitaji jicho la kuchagua upande.

Uganda ina maumbo ya kutosha. Kaloli, yule korongo mkubwa, aliyetua juu ya nguzo ya taa Kampala, mdomo mrefu na shingo imezama mabegani, hahitaji rangi wala maelezo. Ng'ombe wa Ankole kwenye ukingo wa kilima jioni, pembe zikiwa wazi dhidi ya anga, vivyo hivyo. Mama aliyevaa gomesi, lile gauni refu la heshima, utamjua kwa zile ncha za mabega na mkanda uliofungwa chini ya kiuno, mradi asimame peke yake na mikono isigandamane na mwili. Ukiwapanga akina mama sita bega kwa bega mbele ya jua, ncha zote zinamezana na unapata ukuta mweusi wenye vichwa. Na uharakishe: huku karibu na Ikweta jua hushuka karibu wima, giza halikawii.

Uso wenye giza, kwa upande mwingine, mara nyingi hakuna aliyeuchagua. Kipima mwanga cha kamera hakijui harusi wala mzee. Kinachukulia kwamba kilicho mbele yake, kwa wastani, ni cha kijivu cha kati. Kikiona anga jeupe limejaa fremu, kinapunguza mwanga, na watu wanazama pamoja nalo. Dawa inajulikana: ongeza mwanga stopu moja hadi mbili (kila stopu ni mwanga maradufu) kwa kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, au upimie usoni, au uwashe flashi hata mchana. Anga likiungua kuwa jeupe, liungue, watu hawakuja kupigwa picha ya mawingu. Anayetaka siluweti anafanya kinyume kwa makusudi: anapima anga kando ya jua na kuwaacha watu waingie weusi.

Wengine hugundua kosa wakiwa mezani kwenye kompyuta, basi wanashusha weusi hadi mwisho ili lionekane lilikuwa kusudi. Matokeo yake ni doa. Kuhariri kunaweza kukoleza umbo lililokuwapo, hakuwezi kumtenganisha bibi harusi na shangazi aliyesimama nyuma yake. Afadhali kwenda upande wa pili, uiangaze picha. Faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, likiwa la biti 14 lina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, JPEG, picha ya kawaida iliyobanwa, ina 256. Ukiinua vivuli kwenye RAW, sura nyingi zinarudi, pengine na chengachenga kidogo shavuni. Ukilazimisha JPEG, ngozi inaanza kupata mabaka ya kijani na zambarau. Kilichoungua kuwa cheupe kabisa ndicho kisichorudi.

Kwa hiyo, ssebo (bwana), picha yenye uso uliozama gizani bila kukusudiwa tuiite tu picha iliyokosa mwanga. Haina aibu, na nyingi zinaokoleka. Na kwenye kwanjula, sherehe ya kutambulishana kwa familia kabla ya harusi, wageni wakiwa wamesimama ukingoni mwa hema huku uwanja unawaka nyuma yao, usihangaike na vitufe kwanza. Toka wewe hemani uende uwanjani, waombe wageuke wakutazame. Mwanga uleule utawaangukia usoni, kanzu na gomesi zitaonekana na rangi zake, na hutahitaji kumsingizia waziri wa Kifaransa.