Telemachos Kanthos: mandhari iliyobaki bila ardhi

Kila nikifundisha uchoraji wa mandhari huanza na Telemachos Kanthos wa Kupro. Wanafunzi wengi hawajapata kumsikia, na hilo huniuma, kwa sababu sijaona mchoraji mwingine anayeonyesha vizuri hivi kwamba mandhari si picha ya mlima tu.

Alizaliwa mwaka 1910 huko Alona, kijiji cha eneo la Pitsilia katika milima ya Troodos. Mteremko ni mkali, kwa hiyo wakulima hukinga udongo kwa kuta za mawe, shamba juu ya shamba kama ngazi, wakapanda mizabibu na mihazeli. Kisiwa kilikuwa chini ya Waingereza na hakikuwa na chuo cha sanaa, basi mwaka 1929 Kanthos akaenda Athens. Alisomea rangi za mafuta, na akajifunza uchapaji, yaani kuchonga picha na kuichapa kwa wino, kwa msanii Mgiriki Yiannis Kefallinos. Aliporudi alifundisha kuchora katika Pancyprian Gymnasium, shule ya sekondari huko Nicosia, mji mkuu, na likizo zikifika alikuwa na Alona yake.

Katika mandhari zake, rangi ndiyo inayobeba umbo. Wanafunzi wangu huanza na mstari, kisha wanaujaza rangi. Kwake mteremko hujengeka pale rangi ya joto, kama nyekundu, inapopakana na ya baridi, kama buluu, na kivuli kinabaki kuwa rangi, si weusi. Jua la Kupro ni kali. Ukipaka kivuli cheusi, mlima wote unakufa.

Halafu ukaja mwaka 1974. Jeshi la Uturuki lilitua Julai 20, likasonga tena Agosti 14, na zaidi ya theluthi moja ya kisiwa ikawa mikononi mwake, pamoja na milima ya Pentadaktylos ya kaskazini na sehemu kubwa ya uwanda wa Mesaoria. Kanthos akashika patasi. Mfululizo wake wa chapa za mbao, «Nyakati Ngumu», ni wa wakimbizi na wafiwa, kwa nyeusi na nyeupe.

Hapa huwapa wanafunzi kipande cha mbao wajaribu wenyewe. Unapochapa, wino hushika pale ulipoacha mbao. Ulipochonga panabaki karatasi tupu. Maana yake mwanga hauongezwi kama kwenye kanvasi, unachimbwa. Kuangaza shavu la mama anayelia, lazima ukate. Ukikosea, hakuna rangi ya kufunika. Mkono hujifunza kusitasita, na shavu moja laweza kumaliza kipindi kizima.

Wapo wanaomgawa Kanthos mara mbili: mchoraji wa furaha kabla ya vita, mchapaji wa majonzi baadaye. Mimi sikubali. Kwa macho yangu, chapa zile nazo ni mandhari. Watu wale wamejazana mbele kabisa, nyuma yao hakuna shamba wala ukuta wa mawe, na pengo hilo ndilo somo lenyewe. Mtu aliyetumia miaka akichora jinsi binadamu na udongo wanavyoshikana alijua hasa nini kimeng'olewa.

Ukisimama upande wa kusini wa Nicosia, Pentadaktylos inaonekana wazi, vilele vyake vikiwa kama vidole. Kanthos alifariki mwaka 1993. Vituo vya kuvukia kwenda upande ule wa kaskazini, ulioshikwa na Uturuki, vilifunguliwa Aprili 2003.