Je, wajua kwa nini plastiki bapa inaweza kukuza maandishi ya kompyuta?

Kuna ile karatasi ya plastiki angavu, bapa kabisa, saizi ya daftari kubwa, ukipitisha kucha upande mmoja unasikia vijimistari vya duara, wazee wengi wanaitumia kusomea Msahafu au gazeti. Ukiitengenezea fremu ukaisimamisha mbele ya monita inakuza skrini vilevile, na mjomba wangu mwenye steshenari hapa Ngamiani, Tanga, anachapia mikataba ya viwanja kwa kifaa hicho hicho mpaka leo. Swali la kila mteja ni moja: inakuzaje wakati haina tumbo? Lenzi si lazima iwe nene katikati?

Si lazima, mana unene wenyewe haukuzi kitu. Mwanga unapinda pale unapoingia kwenye kioo na pale unapotoka, huko ndani unapita umenyooka tu, na kinachoamua upinde kiasi gani ni mwinamo wa ule uso wa kioo. Kwa hiyo chukua lenzi nene, ukate uso wake duara ndani ya duara kama kitunguu, alafu toa nyama yote ya katikati isiyo na kazi na ushushe kila duara likae kwenye kipande bapa. Ile minamo bado ipo yote, mwanga unapinda karibu sawa na mwanzo ila uzito umeondoka. Aliyelifanyia kazi wazo hili ni Mfaransa Augustin-Jean Fresnel, na lenzi yake iliwashwa mwaka 1823 kwenye mnara wa taa wa Cordouan, Ufaransa. Sisi tunaoijua taa ya meli ya kisiwa cha Ulenge hapa Tanga tunaelewa shida ilikuwa nini, taa lazima ionekane na meli iliyo mbali, na kioo kizima cha ukubwa huo kingekuwa mzigo usiobebeka.

Kukuza skrini nako kulianza zamani. Televisheni ya Kisovieti ya KVN-49 ilikuwa na skrini ya sentimita 18 tu kona kwa kona, basi watu wakawa wanaweka mbele yake lenzi yenye tumbo iliyojazwa maji au gliserini. Plastiki ya Fresnel inafanya kazi ileile bila hayo maji.

Sasa hapa ndo penye utamu wenyewe: umbali. Kila lenzi ina umbali wake wa fokasi, yaani umbali ambapo mwanga wa vitu vya mbali unakutana, na unaupima bila kifaa maalumu, simama ndani karibu na ukuta unaotazamana na mlango ulio wazi, shika plastiki usogeze mbele nyuma mpaka taswira ya nje itokee ukutani, imepinduka kichwa chini lakini kali, kisha pima kwa rula kutoka plastiki hadi ukutani. Tuseme umepata sentimita 30. Skrini lazima ikae ndani ya hizo 30, ukizidisha maandishi yanavurugika na mwisho yanageuka juu chini. Ukiiweka sentimita 10 kutoka skrini, taswira inakuwa mara moja na nusu, ukiisogeza mpaka 15 inakuwa mara mbili. Ila taswira hiyo haibaki pale pale, inarudi nyuma, kwenye sentimita 15 inaonekana kama iko sentimita 30 nyuma ya plastiki, kwa hiyo aliyekaa sentimita 40 kutoka kwenye plastiki anaona ukubwa wa kama mara moja na nusu tu, si mbili kamili. Wengi wanadhani wameuziwa feki, kumbe ndo ilivyo. Na huko kurudi nyuma ni faida kubwa kwa mtu wa miaka 45 kwenda juu ambaye macho yake yanashindwa vitu vya karibu, mana anapata herufi kubwa na tena zimesogea mbali kidogo, jicho linapumzika.

Kutengeneza ni kazi ya jioni moja. Plastiki hizi nyembamba zinalegea, hasa kwa joto la huku kwetu, na ikipinda kidogo tu mistari ya maandishi inakuwa ya mawimbi, kwa hiyo fremu iwe ngumu: mbao nyembamba za seremala zenye mfereji wa kuchomekea plastiki pande zote nne, miguu miwili, na nafasi ya kusogeza mbele na nyuma. Usigundishe kabla hujajaribu umbali, mtumiaji mwenyewe akae kwenye kiti chake aseme hapa. Jaribu pia kugeuza upande wa mistari, kwa kawaida ukimwelekea msomaji picha inakuwa safi zaidi, japo unashika vumbi haraka. Futa kwa maji ya sabuni na kitambaa laini, thina usiiguse kabisa.

Usitegemee ukali wa kwenye duka la miwani. Pembeni utaona rangi rangi na ukungu kidogo, taa ya nyuma yako inajiakisi, na pikseli haziongezeki, zinakua tu. Kama unahitaji kukuza mara tatu au nne, kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha, kikuzaji kimo humo bure, ila kinakuonyesha kipande kimoja cha ukurasa kwa wakati. Na kama macho yamebadilika ghafla achana na plastiki kwanza, nenda hospitali, sisi wa Tanga tunaenda Bombo, wakupime.

La mwisho naomba lichukuliwe kwa uzito: plastiki hii ukubwa wa karatasi inakusanya jua lote linaloiangukia na kulibana sehemu moja, inachoma karatasi na inaunguza nguo. Steshenari imejaa karatasi. Usiiweke jua linapofika, na ukifunga duka ifunike kwa kitambaa kizito au ilaze kabatini.